MFALME ALIYEOGOPA KUCHEKWA

Mahubiri ya Sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana, tarehe 6 Agosti
Masomo: Yeremia 38:14-28, Luka 14:28-33



Leo Kanisa linakumbuka siku ile Bwana wetu alipopanda mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohana, uso wake ukang'aa mbele yao, na wingu likawafunika. Sikukuu hii huangukia tarehe 6 Agosti kila mwaka, na imekuwa hivyo tangu zamani. Lakini tangu mwaka 1945 tarehe hii imebeba na jambo jingine. Asubuhi ya siku hiyo, saa mbili na robo, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima katika nchi ya Japani. Huko nako kulikuwa na mwanga, na huko nako kulikuwa na wingu. Na hili mlijue: usiku ule, kabla ndege haijaruka kutoka kisiwa cha Tinian, kasisi wa jeshi aliwaombea heri wale waliokuwa wakienda nayo. Kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 wa mji ule walikuwa wamekwisha kufa, wengine palepale, wengine kwa moto, wengine polepole kwa ugonjwa ambao madaktari wao walikuwa hawajapata kuuona.

Siku tisa baada ya Hiroshima, Japani ikatangaza kusalimu amri. Tulio wengi tulifundishwa jambo hili shuleni kwa sentensi moja: walipigwa bomu, wakakubali. Sina ugomvi na walimu, maana kipindi ni kifupi na vita ile ilikuwa ndefu. Lakini sentensi ile fupi imezaa fundisho ambalo nalisikia hata humu mtaani, katika mabaraza ya usuluhishi na hata katika vikao vya wazee wa kanisa: kwamba mtu mkaidi hasikii neno, husikia kipigo. Mume hulisema juu ya mkewe, mzazi juu ya mtoto, jirani juu ya jirani mwenye kesi naye. Ndiyo sababu nimetaka leo tuyatazame mambo ya Japani kwa taratibu, kama yalivyotokea, tuone kama kweli yanafundisha hivyo.

Wala si mambo ya watu wa mbali tu. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa maji, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka uo huo vijana wa Keya, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, walishuka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa, wakapigana na Wajapani katika matope na malaria, hata wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Wazee wale tumekwisha kuwazika karibu wote. Tena sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kutengeneza mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi isemayo Kiswahili hiki hiki. Kwa hiyo tusisikilize habari hii kama wageni.

Tuanze na somo la Yeremia. Mji wa Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, na mkate unakwisha. Wakuu wa mji wamemtumbukiza nabii katika shimo lenye matope ili afie humo, kwa kuwa maneno yake yanawalegeza mikono watu wa vita. Aliyemwokoa ni Ebed-meleki Mkushi, Mwafrika mwenzetu, kwa kamba na matambara makuukuu ya kuweka chini ya makwapa ili kamba zisimchubue. (Nalipenda jambo hili la matambara. Katika mji uliojaa wakuu na makamanda, ni mtu huyu mgeni peke yake aliyefikiri juu ya makwapa ya mtu mwingine.) Baada ya hayo mfalme Sedekia anamwita Yeremia kwa siri, kwenye maingilio ya tatu ya nyumba ya BWANA. Anataka neno. Na neno lilikuwa wazi: toka ujitie mikononi mwa wakuu wa Babeli, nawe utaishi pamoja na nyumba yako, na mji hautachomwa moto. Ukikataa, mji utachomwa, wala wewe hutaokoka.

Angalieni sasa jibu la Sedekia. Hakusema kwamba bado ana jeshi. Hakusema kwamba Mungu atauokoa mji kama alivyouokoa siku za Hezekia. Alisema anawaogopa Wayahudi waliotangulia kukimbilia kwa Wakaldayo, asije akatiwa mikononi mwao wakamdhihaki. Ndugu zangu, mji mzima umewekwa upande mmoja wa mizani, watoto na vikongwe na hekalu lenyewe, na upande wa pili kimewekwa kicheko. Kicheko kikawa kizito zaidi. Yeremia alimwonya kwamba kuchekwa atachekwa tu, tena na wanawake wa nyumba yake mwenyewe watakapotolewa nje kwenda kwa adui. Lakini mfalme akamwagiza nabii asimwambie mtu yeyote mambo waliyozungumza, na wakuu wakimwuliza atoe maelezo mengine. Mnaona? Sedekia aliijua kweli, ila aliijua kwa siri. Someni sura ya 39 nyumbani: ukuta ukabomolewa, mfalme akakimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko, akapelekwa Ribla, wanawe wakauawa mbele ya macho yake, kisha macho yenyewe yakapofushwa. Na nyumba za watu zikachomwa moto.

Sasa twende Japani, na nisieleweke vibaya, sisemi kwa kuwatetea. Vita ile waliianza wao. Mwaka 1937 waliingia Nanjing katika nchi ya China, wakatenda mambo ambayo sitayataja mbele ya watoto. Tarehe 7 Desemba 1941 waliishambulia Pearl Harbor. Katika mji wa Manila peke yake, mwezi Februari na Machi 1945, raia wapatao 100,000 walikufa, wengi wao kwa mikono ya askari wa Kijapani. Mungu anayasikia na malalamiko ya hao.

Lakini hesabu ya vita ilikwisha kujulikana Tokyo mapema. Mwezi Julai 1944 kisiwa cha Saipan kilianguka, na tangu hapo ndege kubwa za Marekani ziliweza kuifikia miji ya Japani yenyewe. Waziri Mkuu Tojo akajiuzulu. Meli za mizigo zilikuwa zinazamishwa moja baada ya nyingine, mafuta yalikuwa yanakwisha, mgao wa chakula unapungua. Tarehe 14 Februari 1945 Konoe, aliyepata kuwa waziri mkuu, alikwenda mbele ya Mfalme Hirohito akamweleza kwa maandishi kwamba kushindwa hakuepukiki, na kwamba vita ikomeshwe upesi. Mfalme alijibu kwamba jambo hilo ni gumu mpaka wapate ushindi mmoja zaidi.

Hapa naomba mkae nami kidogo. Ushindi mmoja zaidi ulikuwa wa nini? Haukuwa wa kushinda vita, maana hilo wenye akili walikwisha kuliacha. Ulikuwa wa kuwawezesha kwenda mezani bila kuinamisha vichwa. Ushindi wenyewe haukuja, na kuungoja kulikuwa na bei. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi ndege zilimwaga moto juu ya Tokyo, na watu wapatao 100,000 wakafa usiku mmoja. Tarehe 1 Aprili vita ikaingia Okinawa, ikadumu karibu miezi mitatu. Makumi ya maelfu ya raia wa kisiwa kile waliangamia, na wengine walipewa mabomu ya mkono na jeshi lao wenyewe wajiue wasije wakatekwa. Vijana walirushwa na ndege wajigongeshe kwenye manowari. Wale waliokuwa wakingoja ushindi walikuwa ndani ya mahandaki mazuri ya Tokyo.

Mwezi Juni Mfalme aliwaambia wakuu sita wa Baraza la Vita watafute njia ya kumaliza vita kwa mazungumzo. Basi wakafanya nini? Walikwepa kuzungumza na adui, wakaamua kuwaendea Warusi wawe wasuluhishi. Balozi wao huko Moscow, aitwaye Sato, alikuwa mtu wa kusema kweli. Alipeleka simu baada ya simu kumwambia waziri wake, Togo, kwamba Warusi hawatasaidia, na kwamba hakuna njia ila kusalimu amri. Jibu likarudi kwamba kusalimu amri bila masharti hakuwezekani. Huyu Sato namwona kama Yeremia wa habari hii, ila yeye hakutupwa shimoni, barua zake tu ndizo zilizotupwa. Nao hawakujua ya kuwa Stalin alikwisha kuwaahidi Waingereza na Wamarekani huko Yalta, mwezi Februari, kwamba ataishambulia Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kuanguka. Walikuwa wakibisha hodi kwa mtu aliyekuwa anatia risasi bunduki yake.

Tarehe 26 Julai Marekani, Uingereza na China walitoa tangazo kutoka Potsdam: jeshi la Japani lisalimu amri bila masharti, la sivyo ni maangamizi. Waziri Mkuu Suzuki, mzee aliyekuwa zamani amiri wa manowari, alijibu kwa neno la Kijapani ambalo maana yake ni kuliua jambo kwa kulinyamazia. Siku tisa zikapita. Ndipo ikaja ile asubuhi ya tarehe 6 Agosti.

Na hata baada ya Hiroshima lile Baraza la watu sita halikukutana mpaka asubuhi ya tarehe 9. Usiku wa kuamkia siku hiyo majeshi ya Urusi yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka kuingia Manchuria. Wakiwa wameketi katika mazungumzo, wakaletewa habari ya bomu la pili, Nagasaki, saa tano na dakika mbili asubuhi. Bomu hilo lilikusudiwa mji wa Kokura, lakini rubani hakuweza kuuona kwa sababu ya wingu na moshi. Huko Nagasaki liliangukia mtaa wa Urakami, karibu na kanisa kuu la Wakatoliki, na maelfu ya Wakristo waliteketea, ambao babu zao waliificha imani kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso.

Mtu angedhani basi, pigo limesikika. Wale sita waligawanyika watatu kwa watatu! Wote walikuwa tayari kusalimu amri kwa namna fulani. Watatu walitaka sharti moja, kwamba Mfalme abaki. Watatu wengine, ambao ni Waziri wa Vita Anami na wakuu wa majeshi Umezu na Toyoda, walitaka manne: Mfalme abaki, jeshi lijipokonye silaha lenyewe, wahalifu wa vita wahukumiwe na Wajapani wenyewe, na nchi isikaliwe na askari wa kigeni. Yapimeni hayo matatu ya nyongeza. Hakuna hata moja linalomhusu mama wa Hiroshima anayemtafuta mtoto wake. Yote ni ya kuwaondolea wakubwa aibu. Walibishana juu ya hayo mchana kutwa, na baraza la mawaziri likabishana vilevile, mpaka usiku wa manane walipokwenda handakini kwa Mfalme, na Suzuki akamwomba aamue yeye. Yapata saa nane za usiku, tarehe 10, Hirohito akasema wakubali.

Hata hapo hayakwisha. Washindi walijibu kwamba mamlaka ya Mfalme yatakuwa chini ya Jemadari wao Mkuu, na mabishano yakaanza upya hadi tarehe 14, Mfalme alipoamua mara ya pili. Usiku huo alisema maneno yake yakatiwa katika sahani za santuri ili yatangazwe kesho yake. Maofisa vijana wakaasi, wakamwua Jenerali Mori, mkuu wa walinzi wa Mfalme, wakaingia jumba la kifalme kuzitafuta sahani zile wazivunje. Hawakuziona. Anami akajiua alfajiri. Na usiku uo huo, maamuzi yakiwa yamekwisha kufanywa, ndege za Marekani zilikuwa bado zinachoma miji, Kumagaya mmojawapo. Adhuhuri ya tarehe 15 watu wa Japani walisikia redioni sauti ya Mfalme wao kwa mara ya kwanza. Alisema kwa lugha ya kifalme ambayo wengi hawakuielewa vema, na neno la kusalimu amri hakulitamka.

Basi ni bomu lililowafanya wakubali, au ni Warusi? Wataalamu wa historia wanabishana juu ya hilo hata leo, na vitabu vyao vinajaza kabati. Mimi nalitazama jambo moja dogo. Katika hotuba ya redioni, kwa raia, Mfalme alilitaja bomu jipya la adui. Siku mbili baadaye, alipowaandikia askari wake, aliwataja Warusi, na bomu hakulitaja. Kila kundi lilipewa sababu ambayo lingeweza kuimeza. Na Yonai, Waziri wa Manowari, mmoja wa wale watatu waliotaka amani, alisema siku zile zile kwamba bomu na kuingia kwa Warusi ni kama zawadi kutoka mbinguni, kwa kuwa sasa vita ingeweza kukomeshwa bila kusema kwamba ni kwa sababu ya hali mbaya ndani ya nchi.

Zawadi! Lisikilizeni neno hilo na mlitazame kutoka Hiroshima. Yonai hakuwa mtu mkatili, alikuwa akisema kweli kama alivyoiona. Kweli aliyojua Konoe mwezi Februari, na Sato mwezi Julai, wakubwa hawakuweza kuitamka kwa sababu hapakuwa na namna ya kuitamka pasipo aibu. Bomu na Warusi waliwapa namna. Hawakuwa viziwi wakafunguliwa masikio kwa kipigo. Masikio yao yalikuwa wazi muda mrefu, kilichokosekana ni kisingizio, na watu laki mbili na zaidi wa Hiroshima na Nagasaki ndio waliolipia kisingizio hicho. Ninyi msemao kwamba mkaidi hasikii ila kwa kipigo, litafakarini hilo. Huenda huyo mnayempiga alikwisha kusikia tangu zamani, ila mmemzibia kila mlango wa kutokea bila kuchekwa.

Maana na upande wa pili kiburi kilikuwapo. Maneno "bila masharti" yalitangazwa na Rais Roosevelt huko Casablanca mwezi Januari 1943, na baada ya hapo yakawa kama bendera ambayo hakuna aliyethubutu kuishusha. Stimson, Waziri wa Vita wa Marekani, alishauri mwanzoni mwa Julai 1945 kwamba Wajapani waambiwe wazi ufalme wao waweza kubaki. Lilipotoka tangazo la Potsdam, jambo hilo halikuwamo. Halafu vita ilipokwisha, Mfalme aliachwa katika kiti chake. Tarehe 1 Januari 1946 alitangaza kwamba yeye si mungu, akaendelea kuwa Mfalme hadi alipofariki mwaka 1989. Lile sharti moja ambalo halikuweza kuandikwa mwezi Julai likatimizwa kimya kimya, makaburi yakiwa yamekwisha kujaa.

Na Kanisa je? Kanisa letu la Kianglikana huko Japani, Nippon Sei Ko Kai, lilinyimwa kutambuliwa na serikali wakati wa vita kwa sababu lilikataa kuunganishwa kwa amri na makanisa mengine. Maaskofu wake wawili, Sasaki na Sugai, walitiwa gerezani. Tungeweza kulisifu na kuishia hapo. Lakini mwaka 1996 Sinodi Kuu ya Kanisa hilo ilitoa tamko la kuungama wajibu wake katika vita, kwamba liliunga mkono au kunyamazia maovu ya nchi yake, na kwamba hata baada ya vita lilikawia kukiri. Ilipita zaidi ya miaka 50. Naliheshimu Kanisa lile kwa sababu lilisema jambo hilo wakati hakuna mtu aliyelilazimisha, na wengi waliolitenda walikuwa wamekufa, lingeweza kunyamaza na pasitokee neno.

Yuko mtu mmoja ambaye wazee kati yenu watakumbuka kusikia habari zake. Mwaka 1974 katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, alitoka porini ofisa wa Kijapani aitwaye Onoda, aliyekuwa akiendelea na vita tangu mwisho wa 1944. Vikaratasi vya kutangaza amani viliangushwa na ndege, akaviona ni hila. Kati ya wenzake watatu, mmoja alijisalimisha mwaka 1950, mmoja akauawa 1954, wa tatu akauawa 1972. Wanakijiji kadhaa wa kisiwa kile nao waliuawa katika vita ambayo haikuwapo tena. Hakukubali kutoka mpaka aliyekuwa mkuu wake wa jeshi aliposafiri hadi kule na kumsomea amri kwamba kazi imekwisha. Dunia ilimstaajabia kwa utii wake. Mimi namfikiria yule aliyeuawa 1972, miaka 27 baada ya sauti ya Mfalme kusikika redioni.

Humu mtaani tunao akina Onoda. Ziko familia za tumbo moja ambazo hazijasalimiana tangu mzee wao alipozikwa, kwa ajili ya mipapai sita kwenye mpaka wa shamba, na wale walioianza kesi wamekwisha kufa, wajukuu ndio wanaoilinda. Wako wazazi waliomfukuza binti kwa sababu ya mimba, na kila Krismasi wanatamani arudi, lakini wanangoja aanze yeye. Nimekwenda katika nyumba hizo. Ukikaa na kila mmoja peke yake, usiku, baada ya chai, atakwambia kweli yote kama Sedekia alivyoambiwa, atakiri kwamba mpaka uko pale jirani anaposema, kwamba binti hakukosa peke yake. Kisha atasema, Padre, haya yabaki kati yetu. Na kesho yake kwenye baraza anakaza uso.

Bwana wetu katika Luka 14 alisema habari za mfalme mwenye watu elfu kumi anayejiwa na mwenye elfu ishirini. Mfalme huyo huketi kwanza akapiga hesabu, na akiona hawezi, hupeleka wajumbe kutaka amani wakati yule mwingine bado yuko mbali. Yesu hamwiti mwoga. Na jambo la umbali lina maana yake, kwa sababu adui akiwa mbali bado mna la kuzungumza, akifika ukutani yamekwisha. Miezi sita tangu Februari hadi Agosti ilikuwa ndiyo umbali ule.

Tena katika Injili ya Luka, pale mlimani, Musa na Eliya walizungumza na Bwana juu ya kufariki kwake kutakakotimia Yerusalemu. Katikati ya utukufu ule mazungumzo yalikuwa juu ya msalaba. Alijua atavikwa vazi la kifalme na kuchekwa, atatemewa mate, watu watatikisa vichwa. Petro alitaka wajenge vibanda wabaki juu. Yesu akashuka. Huyu ndiye mfalme aliyekubali kuchekwa ili mji usichomwe, na ndiye tunayekuja kumpokea mezani pake leo.

Kabla ya Ushirika wa Jumapili ijayo nawaomba kila mwenye kesi ya namna hii amwendee mwenzake wiki hii, wala asingoje sababu nzuri itokee. Kama mwenzako ndiye aliyekosa, mfungulie mlango wa kutokea, usimtake aungame mbele ya baraza zima ndipo umsamehe. Wazee wa kanisa wamekubali kufuatana na yeyote atakayetaka shahidi. Nami nitakuwa kanisani Jumamosi tangu saa kumi alasiri hadi saa moja ya usiku. Atakayeona haya kuonekana, na apitie mlango wa sakristia.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa